Bonde la Zigi kwa baiskeli: namna ya kuzisoma barabara za changarawe kutoka Muheza hadi Amani

Kwenye ramani ya simu, safari ya baiskeli kutoka Muheza mjini hadi Amani ni mstari mmoja wa takriban kilomita 36, unaofuata bonde la Mto Zigi na kuingia katika milima ya Usambara Mashariki. Mwendeshaji aliyezoea lami ya Tanga hadi Segera huutazama mstari huo, akapiga hesabu ya saa mbili, akajaza chupa moja ya maji na kuondoka. Hesabu hiyo haitimii, na sababu yake si unyonge wa miguu. Mstari ule umeunganisha barabara za aina tofauti, zilizochongwa nyakati tofauti na watu waliokuwa na mizigo tofauti ya kusafirisha: magogo, mbao, majani ya chai, mikungu ya ndizi. Ukali wa mwinuko, upana na uso wa kila kipande vimetokana na mzigo huo. Kwa hiyo anayetaka kujua ni kipande gani kitapandika na kipi kitamshusha akokote, swali la kwanza la kuuliza ni kipande hicho kilitengenezwa kubeba nini.

Zigi, ambao Wajerumani waliuandika Sigi na mpaka leo maandishi yote mawili yanatumika, unaanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, unapokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine vingi, unaingia katika bwawa la Mabayani linalolipatia jiji la Tanga maji ya bomba, kisha unamwagika katika Bahari ya Hindi. Sehemu ya juu ya bonde imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya daraja hilo nchini Tanzania. Hifadhi hiyo ina hekta 8,380, na ardhi yake huanza kwenye mwinuko wa karibu mita 190 juu ya usawa wa bahari na kufikia mita 1,130. Tofauti ya zaidi ya mita 900 imebanwa katika eneo dogo, na haikugawanywa sawasawa. Milima hii, kama mingine ya Tao la Mashariki, ni vipande vya miamba ya kale vilivyonyanyuliwa kwa mipasuko ya ardhi, ndiyo maana umbo lake ni la ngazi: chini kuna bonde pana lenye miinuko midogo, halafu unakuja ukuta, na juu ya ukuta kuna uwanda wa vilima vilivyosongamana. Kila ngazi ina barabara zake, na kila aina ya barabara inadai baiskeli iendeshwe kwa namna yake.

Mchezo wenyewe ni mgeni kuliko barabara. Uendeshaji wa baiskeli za changarawe ulipata umaarufu Marekani katika miaka ya 2000, hasa kupitia mashindano ya Kansas yaliyoanza mwaka 2006 na ambayo sasa huitwa Unbound, yenye umbali mkuu wa maili 200, sawa na kilomita 320 hivi. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilianzisha ubingwa wa dunia wa changarawe mwaka 2022 huko Veneto, Italia, na kwa upande wetu Kenya imekuwa na Migration Gravel Race katika nyika za Maasai Mara tangu mwaka 2021. Baiskeli inayotumika ina usukani uliopinda kuelekea chini, breki za diski, gia nyepesi na matairi ya upana wa milimita 38 hadi 50. Mkazi wa kijiji cha Kisiwani au wa Amani anayeshusha ndizi sokoni kwa baiskeli ya Phoenix amekuwa akiendesha kwenye changarawe maisha yake yote, wala hajawahi kuhesabu kwamba anacheza.

Kabla ya kuingia bondeni inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo ramani nyingi huyachanganya. Wahandisi wa barabara nchini, wawe wa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, au wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hugawa barabara katika makundi matatu: lami, changarawe na udongo. Barabara ya changarawe imeletewa kifusi kutoka machimboni, kikamwagwa kwa tabaka, kikanyunyiziwa maji na kushindiliwa, kisha ikainuliwa mgongo katikati ili maji yateremkie mitaroni. Barabara ya udongo ni ardhi ileile ya mahali pale iliyosawazishwa kwa greda, au hata kwa majembe. Kiangazi kinapokuwa kikali zote mbili ni nyekundu, zote zina vumbi, na macho hayaoni tofauti. Mvua ikinyesha kwa nusu saa tofauti inajitokeza: ya changarawe inabaki ngumu na mashimo yake yanajaa maji, ilhali ya udongo inageuka tope linalonata kwenye tairi, linapanda hadi kwenye fremu na kulizuia gurudumu kuzunguka. Udongo wa Amani ni mwekundu na wa mfinyanzi, na mtu aliyekwama humo hutafuta kijiti cha kukwangua matairi kila baada ya hatua chache. Maneno ya ramani kwamba barabara “haina lami” hayamsaidii mwendeshaji hata kidogo, kwa sababu yanazitia aina zote mbili katika kapu moja.

Tuanze chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni, kituo kilichokuwa kwenye reli yao kubwa ya kutoka Tanga, mpaka mahali palipoitwa Sigi, yaani Zigi ya leo, ndani ya bonde, kwa kusudi kubwa la kutoa mbao msituni. Reli ile haipo tena, lakini nyumba ya msimamizi wa kituo bado imesimama Zigi na sasa ni mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi. Kwa mwendesha baiskeli, mahali reli ilipoishia ni taarifa muhimu kuliko ramani yoyote. Garimoshi la mizigo hushindwa na mwinuko wa asilimia chache tu, kwa hiyo njia yake ililazimika kukaa chini, kulifuata bonde, na kusimama palepale ukuta wa mlima unapoanza. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo huko juu Amani mwaka 1902, na kama njia rahisi ya kupandisha treni ingekuwepo wangeitumia. Hawakuipata. Mizigo ya Amani iliteremshwa Sigi, na kutoka hapo ikapandishwa kwa njia nyingine. Msafiri wa leo naye anabadilisha mwendo mahali hapohapo.

Kilomita 25 hivi za kwanza, kutoka Muheza hadi Zigi, ni za mashamba: minazi na michungwa karibu na mji, mihogo, mahindi, kisha mashamba ya viungo vya karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki kadiri unavyokaribia milima. Barabara inapanda kidogo, inashuka kuvuka kijito, inapanda tena. Kipande kinachowashangaza wengi ni shamba la miti la Longuza, la serikali, lililopandwa mitiki. Mtu akisikia kwamba njia inapita katikati ya miti mirefu hutegemea kivuli, na huenda kwa makusudi wakati wa kiangazi ili aepuke tope. Lakini mtiki hupukutisha majani yake wakati huohuo wa kiangazi. Hivyo miezi ambayo barabara ni kavu na nzuri kuliko yote ndiyo ambayo jua linapenya hadi chini, na joto la bonde, likichanganyika na unyevu wa pwani, huchosha kuliko mwinuko wenyewe. Dawa yake ni kuondoka Muheza alfajiri na kuwa umeipita Longuza kabla ya saa tatu. Tena, barabara za ndani ya shamba zimetengenezwa kwa malori ya magogo: ni pana, zimenyooka, na nyingi huishia kwenye kitalu cha miti bila kuendelea popote.

Kutoka Zigi kwenda Amani ndiko kwenye ukuta. Katika umbali usiofika kilomita kumi barabara inapanda kwa takriban mita 450, ikijikunja kona baada ya kona ndani ya msitu wa asili. Wastani wake ni asilimia tano au sita hivi, namba ambayo kwenye karatasi haitishi. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini inatisha barabarani. Mchukue mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na mkoba wake wana jumla ya kilo 85. Kupanda mwinuko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kunamdai karibu wati 110 za kuushinda uzito peke yake, na changarawe legevu inadai nyingine 30 hadi 40. Jumla ya wati 150 ni nguvu ambayo mtu mwenye mazoezi anaweza kuitoa kwa saa nzima. Sasa aingie kwenye kona ambayo mwinuko wake umefika asilimia 12. Kwa nguvu ileile mwendo wake unashuka hadi chini ya kilomita 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtembea kwa miguu, na katika mwendo huo jiwe moja lililotikisika chini ya tairi linatosha kumwangusha.

Hapo ndipo gia zinapoamua. Baiskeli ya changarawe yenye meno 40 mbele na 42 nyuma husogea karibu mita 2.1 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, pedeli zitazunguka mara 40 tu kwa dakika, polepole kiasi cha kuyaumiza magoti. Ukiwa na meno 30 mbele, mzunguko mmoja unakupeleka mita 1.6 hivi, na pedeli zinazunguka zaidi ya mara 50 kwa dakika, miguu inapumua. Phoenix ya kawaida, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, husogea zaidi ya mita tano kwa mzunguko, yaani kwa mwendo huohuo pedeli zingezunguka chini ya mara 16 kwa dakika. Hakuna kiumbe anayeweza. Ndiyo maana wenyeji hukokota baiskeli zao kutoka Zigi hadi juu bila kuona aibu yoyote, na wageni wenye baiskeli za bei kubwa nao wanapaswa kukokota bila aibu pale inapobidi. Binafsi naona kwamba anayekuja Amani na gia za mashindano ya tambarare amejichagulia kutembea, na viatu vyake vya kunasa kwenye pedeli havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kushuka kuna hesabu yake pia, na ndiyo hatari zaidi. Mwendeshaji yule wa kilo 85 anapoteremka mita 450 huachilia nishati ya karibu kilojuli 375. Asipoiruhusu igeuke kuwa mwendo, karibu yote inakuwa joto kwenye breki. Ni joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya kawaida. Breki za diski zilizo nzima hulimudu joto hilo iwapo dereva atabana kwa nguvu kabla ya kona na kuachia baada yake, ili diski ipate upepo. Anayebana kidogokidogo mfululizo kutoka juu hadi chini huziunguza pedi, na breki zinaanza kuwa laini kwenye kona za mwisho, mahali anapozihitaji.

Kona hizo huwa haziko wazi. Wakati wa asubuhi watu huteremsha mazao, na mzigo wa kawaida ni mikungu ya ndizi mitatu au minne iliyofungwa nyuma ya Phoenix kwa vipande vya tyubu kuukuu, mmoja kila upande na mwingine juu ya keria. Mwenye mzigo hapandi baiskeli. Anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kiti, mwili umeegemea nyuma kuizuia isimkimbie, na breki zake za vyuma zinalia kwa sauti inayosikika kona mbili kabla hajatokea. Akimwona mpandaji amesimama katikati ya barabara anahema, husema kwa haraka: “Pisha, kaka, huku hakuna kusimama!” Na kweli hawezi kusimama. Kanuni ya kona za Zigi, ambayo hakuna kibao kilichoiandika, ni kwamba mwenye mzigo anayeshuka ndiye mwenye njia, awe wa baiskeli, wa bodaboda au wa lori, na wewe usiye na mzigo unakaa upande wa mtaro.

Ukishapanda, barabara za juu zinakuwa za namna nyingine kabisa. Wajerumani walipanda kahawa Derema katika miaka ya 1890 na haikustawi, kwa kuwa udongo uliokuwa ukiulisha msitu mkubwa ulikuwa maskini mara msitu ulipoondolewa. Kilichoshika baadaye ni chai, ambayo inapenda udongo wenye asidi na mvua nyingi, nao uwanda wa Amani una vyote viwili. Chai ndiyo iliyochora barabara za Kwamkoro, Monga na Bulwa. Jani la chai likishachumwa huanza kunyauka, na lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Wachumaji nao hawawezi kubeba vikapu vilivyojaa kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo kila kitalu kililazimika kuwa na barabara jirani, na kila barabara ililazimika kuwa na mwinuko ambao lori lililojaa linaumudu. Matokeo yake ni wavu wa njia zinazozunguka vilima kwa kimo kilekile, zikiingia kila bonde dogo, zikivuka kijito juu ya kalavati, na kutoka upande wa pili. Kwa baiskeli ya changarawe hakuna uso bora kuliko huu katika Usambara yote: mwinuko ni mpole, kona zinaonekana kwa mbali kwa sababu chai ni fupi, na kwenye vimo vya mita 900 hadi 1,000 hewa ina wastani wa nyuzi 20 hivi.

Wavu huo una mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba barabara ya chai haikujengwa ili kumtoa mtu mahali na kumfikisha mahali. Imejengwa kufika kitaluni na kurudi. Unaweza kuendesha kilomita tatu nzuri mno kisha ukajikuta kwenye banda la kupimia majani, mbele yako chai tupu na nyuma yake msitu. Wa pili ni umbali. Njia inayofuata kimo kilekile huzidisha umbali wa ndege mara mbili au tatu, na vijiji viwili vinavyotazamana ng’ambo ya bonde vinaweza kuwa na mwendo wa saa moja kati yao. Barabara hizi ni za mashamba binafsi, kwa hiyo mtu huomba ruhusa ofisini au kwa msimamizi anayekutana naye, na kiwanda kinapofanya kazi husubiri malori ya mchana yapite. Lori la majani halipunguzi mwendo kwa hiari, na barabara ina upana wake peke yake.

Kati ya chai na msitu kuna mabaki ya njia za magogo. Mbao zilikatwa kwa mashine katika msitu wa Kwamkoro hadi ukataji huo ulipokomeshwa katika miaka ya 1980, na matingatinga yaliyokuwa yakiburuta magogo yaliacha njia zilizopanda moja kwa moja mahali ambapo lori lisingeweza. Sehemu kubwa zimefunikwa tena, mara nyingi na Maesopsis eminii, mti ulioletwa kutoka upande wa Ziwa Victoria ambao hukua upesi katika mwanga wa msitu uliofunguliwa na sasa unasumbua wahifadhi. Njia hizo zinavutia kwenye picha ya setilaiti lakini baiskeli haina kazi nazo: udongo umekaa wazi, maji yamechimba makorongo katikati, na hifadhi haitaki zifunguliwe upya. Vilevile njia za miguu za vijiji hazifai. Mtu anayetembea na mzigo kichwani huchagua umbali mfupi hata kama ni mkali, kwa hiyo vijia vya wakulima hupanda wima, hukata kona zote za barabara, na huwa na ngazi za mizizi. Programu za kupanga safari hupenda vijia hivyo, kwa kuwa zinaona mstari mfupi. Usizifuate.

Kuhusu programu hizo kuna jambo lingine la kufafanua, kwa sababu ndilo linalozua mabishano baina ya waendeshaji waliopita njia moja na kurudi na vimo tofauti. Takwimu za mwinuko zinazotumiwa na programu nyingi zilitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka angani mwezi Februari 2000, vikagawa ardhi katika miraba ya takriban mita 30. Katika nyika vipimo hivyo vinatosha. Katika msitu wenye miti ya mita 30 na zaidi, rada ilirudi kutoka kwenye majani ya juu na si kutoka ardhini, kwa hiyo ukitoka kwenye chai na kuingia msituni programu inadhani umepanda kilima. Na kwenye ukuta wa Zigi, ambapo kona ya juu na ya chini zinaweza kuwa ndani ya miraba miwili iliyopakana, programu inachanganya vimo vyake na kuonyesha miinuko ya asilimia 20 isiyokuwepo, kisha inaificha ile ya 12 iliyopo. Jumla ya mita za kupanda inayotolewa kabla ya safari ichukuliwe kama makadirio mapana. Kifaa chenye kipimo cha mgandamizo wa hewa husema kweli zaidi, ilmradi hali ya hewa isibadilike ghafla, nayo Amani hubadilika ghafla.

Mvua ndiyo mwenye bonde. Milima hii iko takriban kilomita 40 tu kutoka baharini na ndiyo ya kwanza kukutana na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo Amani hupata wastani wa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu kweli. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huikuta ikiwa haijatengenezwa yote. Watu wa bara hudhani Juni hadi Agosti ni kiangazi. Kwa Dodoma ni kweli, lakini huku kusi huleta manyunyu, na mvua za mchoo zinaweza kulowesha barabara ya msituni ambayo haitakauka kwa siku tatu kwa sababu jua haliifikii. Miezi ya kutumainiwa ni Januari na Februari, kaskazi linapovuma, na baada yake Septemba. Hata katika miezi hiyo uso wa barabara hubadilika kulingana na kilichopo juu yake: kwenye chai umekauka ifikapo saa nne asubuhi, na hatua mia moja mbele, chini ya miti, bado unateleza. Tairi la milimita 45 lililojazwa kwa kipimo cha 30 hadi 35 psi, kwa mtu wa kilo 75, hulikumbatia jiwe lenye majimaji badala ya kuruka juu yake. Likijazwa mpaka liwe gumu, kama mafundi wengi wa mjini wanavyopenda kulijaza, litateleza kwenye kona ya kwanza. Madigadi yaachwe nyumbani, kwa kuwa nafasi kati yake na tairi ndiyo inayoziba kwanza. Mawe ya hapa yana makali yanayochana ubavu wa tairi kuliko kutoboa katikati, na kwa mpasuko huo dawa ya maji ya kuziba matundu iliyo ndani ya tairi haitoshi. Kipande cha tairi kuukuu cha kuweka kwa ndani kinaokoa safari, na fundi yeyote wa Muheza atakukatia kimoja kwa bei ya chai.

Maji hayahaya ndiyo yanayoeleza kwa nini hifadhi ni kali kuhusu magurudumu nje ya barabara. Tairi likipita kwenye udongo uliolowa kwenye mteremko huacha mchirizi, mvua inayofuata huutumia mchirizi kama mfereji, na udongo unaotoka humo unateremka kwenye Kihuhwi na Zigi mpaka Mabayani, na mamlaka ya maji ya Tanga hulazimika kuutenganisha na maji kabla hayajafika bombani. Wakulima wa bonde wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, unaoshughulikia kilimo cha matuta na kuacha kingo za mito bila kulimwa, na mkulima aliyekubali kuacha kipande cha shamba lake kando ya kijito hatampokea vizuri anayekipita kwa baiskeli kwa ajili ya burudani. Anayeingia hifadhini kama mtalii hupita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, hujiandikisha na hulipa ada kwa utaratibu wa serikali wa namba ya kumbukumbu. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya mwananchi. Vijia vya kutembelea msitu ni vya miguu, na baiskeli hubaki kwenye barabara za magari isipokuwa umeruhusiwa vinginevyo. Vijijini mambo ni mepesi zaidi: shikamoo kwa wazee waliokaa barazani, maelezo mafupi ya unakotoka na unakokwenda, na mara nyingi utapewa kijana wa kukuonyesha daraja ambalo halijabomoka.

Swali linaloulizwa sana ni kama kuna mzunguko, yaani kupanda kwa Zigi na kushuka kwingine ili mtu asirudie njia. Jibu linatokana na umbo lilelile la ngazi. Upande wa magharibi wa uwanda huporomoka kuelekea bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi, na mteremko wake ni wa kukatisha tamaa: njia zake ni chache na hali yake hutegemea masika yaliyopita. Kwa wengi mpango wenye busara ni kupanda siku ya kwanza, kulala Amani, kuizunguka chai ya Monga na Kwamkoro siku ya pili bila mizigo, kisha kushuka Zigi asubuhi ya siku ya tatu. Kuna wanaotaka kumaliza yote kwa siku moja kutoka Tanga. Wanaweza, lakini watakuwa wameliona bonde kupitia jasho tu.

Mpango huo wenyewe unabadilika, kwa sababu barabara ya Muheza hadi Amani imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, kuanzia upande wa Muheza. Waendeshaji wa changarawe husikitika, na sikubaliani nao: mama mjamzito anayeteremshwa kutoka Amani kwa pikipiki usiku wa masika, na mkulima ambaye iliki yake inalala siku mbili njiani, wameisubiri lami hiyo muda mrefu. Kwa baiskeli, matokeo yake ni kwamba bonde la chini litakuwa njia ya kupasha misuli joto, kasi ya magari kwenye kona itaongezeka, na mwenye kutaka changarawe atafika Zigi kwa daladala akiwa na baiskeli juu ya paa, kisha aanze safari yake kwenye barabara za chai, ambazo hakuna aliyetangaza mpango wa kuzimwagia lami.